Kwa nini milango ya kota za jeshi za enzi za Malkia Victoria inafungukia nje?

Dada mmoja anayeishi Uingereza ameniandikia hivi: "Mimi na mume wangu tumepanga fleti kwenye jengo la matofali mekundu lenye ghorofa moja, tumeambiwa zamani lilikuwa kota za wanajeshi waliooa, enzi za Malkia Victoria. Ndani hakuna korido kabisa, milango yote inafungukia kwenye baraza refu la nje lenye nguzo za chuma, na inaonekana fleti yetu ni vyumba viwili au vitatu vilivyounganishwa baadaye. Kwa nini walijenga hivi? Na ni kweli kabla ya hapo mke wa mwanajeshi alikuwa analala bweni moja na wanaume, pazia tu katikati?"

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho. Ndiyo, ni kweli, tena wala hawajakuongezea chumvi. Na hilo baraza lako limetokana moja kwa moja na lile pazia, kwa hiyo nikikueleza moja nitakuwa nimekueleza na jingine, ila inabidi turudi nyuma kidogo.

Uingereza haikuwa na kambi nyingi za kudumu mpaka miaka ya 1790, wakati wa vita na Ufaransa. Kabla ya hapo wanajeshi walipangiwa kulala kwenye nyumba za wageni na vilabu vya pombe, wananchi hawakupenda na serikali yenyewe ikaanza kuogopa askari wanaoishi katikati ya raia, basi zikajengwa kambi haraka haraka na aliyefikiriwa kwenye ramani ni mwanaume asiye na mke. Bweni moja refu, vitanda vimepangwa ukutani pande mbili, meza katikati, hapo hapo wanalala, wanakula, wanasafisha bunduki, na usiku linaingizwa pipa la kukojolea. Hilo ndilo lilikuwa jengo la jeshi. Mwanamke hakuwemo kwenye ramani hata kwa msitari mmoja.

Lakini wanawake walikuwepo! Jeshi lilikuwa linaruhusu wachache, kwa kawaida sita hivi kwa kila wanaume mia, na hao walikuwa wameandikwa kwenye daftari la kikosi. Naomba ulishike hilo neno daftari manake ndo ufunguo wa hadithi yote. Mwanajeshi aliyeoa kwa ruhusa ya kamanda wake, mkewe anaingia daftarini, anapata mahali pa kulala, na kikosi kikienda ng'ambo anaweza kusafiri nacho. Aliyeoa bila ruhusa, mkewe hayupo, yaani kwa jeshi hayupo kabisa, hana chumba wala posho, atajua mwenyewe atakapopanga na atakula nini kwa mshahara wa mume ambao ulikuwa shilingi moja kwa siku na humo humo anakatwa chakula na vifaa.

Sasa huyo wa daftari, ambaye ndo mwenye bahati, alipewa nini? Kona ya bweni. Anatundika kamba, juu yake blanketi au shuka, na nyuma yake ndo nyumbani kwao yeye na mume na watoto. Humo anavalia nguo, humo anauguza mtoto, na wengine walijifungulia humo humo huku wanaume kumi na kitu wako upande wa pili wa blanketi. Halafu alitakiwa kufanya kazi, kufua nguo za wanaume wa kikosi kwa malipo ya kama nusu peni kwa siku kwa kila mmoja, na mara nyingi kufua na kuanika kulifanyika humo humo bwenini mpaka pale sehemu za kufulia zilipojengwa. Mimi nikifikiria huyo mama siwezi kuiona ile kona kama "desturi ya zamani" tu kama watu wanavyopenda kusema. Alikuwa anafanya kazi ya jeshi na jeshi halikumpa hata ukuta.

Kambi nyingine zikaja na wazo lililoonekana zuri, kuziweka familia peke yake, familia kadhaa chumba kimoja na mapazia katikati. Wanaume wasiooa wakapumua ila familia zenyewe hazikupata nafuu yoyote, sasa hivi unasikia ugomvi wa nyumba nne badala ya minong'ono ya bweni, na ugonjwa wa mtoto mmoja unakuwa wa watoto wote.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1850 na yalitokea sehemu tatu kwa wakati mmoja hivi.

Ya kwanza ilikuwa London, kwenye nyumba za wafanyakazi maskini. Mchoraji majengo Henry Roberts alijenga jengo la familia mtaa wa Streatham, Bloomsbury, lililokamilika mwaka 1850, na hapo ndo utaona babu wa baraza lako. Badala ya ngazi na korido za giza ndani, kila familia ina mlango wake unaofungukia baraza la wazi linalozunguka uwanja. Kulikuwa na sababu mbili. Moja ni hewa, nitaieleza chini. Ya pili ni kodi, manake wakati ule kulikuwa na kodi ya madirisha, na nyumba ikihesabiwa moja yenye madirisha mengi inalipa sana, ila kila familia ikiwa na mlango wake wa nje kila moja inahesabika nyumba yake ndogo yenye madirisha machache, inasamehewa. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1851 lakini lile umbo la baraza likabaki kwa sababu watu waliona linafaa.

Mwaka huo huo wa 1851 kulikuwa na Maonyesho Makubwa pale Hyde Park, na Prince Albert, mume wa Malkia, akamwambia huyo huyo Roberts ajenge nyumba ya mfano ya familia nne, mbili chini mbili juu, ngazi ya wazi katikati. Kila familia ilikuwa na sebule, jiko dogo la kuoshea vyombo, choo chake, na vyumba vitatu vya kulala, cha wazazi, cha wavulana na cha wasichana. Zile nyumba ziliwekwa wapi? Kwenye kiwanja cha kambi ya wapanda farasi pale pale Hyde Park. Yaani watu walikuwa wanapanga foleni kuangalia jinsi mfanyakazi wa kiwandani anavyostahili vyumba vitatu vya kulala, na wamesimama kwenye ardhi ya jeshi ambalo lilikuwa bado linawapa wake za askari kona na blanketi. Nyumba zenyewe zilihamishiwa Kennington Park, zipo mpaka leo, ukipata nafasi nenda kaziangalie halafu urudi ukaangalie kwako, utaona undugu.

Baadhi ya maofisa wa vikosi vya Guards, walinzi wa Malkia, pale London nadhani ndo walioona aibu mapema kuliko serikali, manake kwenye hiyo hiyo miaka ya 1850 walichanga fedha zao wenyewe wakajenga nyumba ya kupanga kwa ajili ya askari wao waliooa, baadaye serikali ikainunua. Hilo ni jambo la heshima kwao, ila pia linakuonyesha serikali ilikuwa bado inaona makazi ya familia kama sadaka tu.

Sehemu ya pili ni vita ya Crimea dhidi ya Urusi, 1854 mpaka 1856. Wake walisafiri na vikosi, na namna ya kuwachagua ilikuwa ni bahati nasibu, karatasi zinatiwa kwenye kofia, unachomoa, yako imeandikwa kwenda au kutokwenda, na wasiokwenda wanaachwa wakiwa na watoto. Waliokwenda wengi walikwama Scutari, upande wa pili wa Istanbul, ambako hospitali ya yule muuguzi Florence Nightingale ilikuwa. Wakati magazeti yanaandika habari za wagonjwa wa juu, chini kwenye vyumba vya ardhini vya jengo hilo hilo kulikuwa na mamia ya wanawake na watoto wachanga wamerundikana kwenye giza na maji machafu, mpaka Lady Alicia Blackwood alipokabidhiwa kuwashughulikia. Waingereza waliosoma habari hizo nyumbani hawakuweza tena kujifanya kwamba jeshi halina wanawake.

Ya tatu, na kwa upande wa ujenzi ndo kubwa kuliko zote, ni tume. Mwaka 1857 iliundwa Tume ya Kifalme ya kuchunguza afya ya jeshi chini ya mwanasiasa Sidney Herbert, na nyuma yake yuko Nightingale na takwimu zake. Wakagundua kwamba askari aliyekaa tu kambini Uingereza, bila vita yoyote, kijana aliyechaguliwa kwa afya yake, alikuwa anakufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya raia wa umri wake. Nightingale aliweka hilo kwa namna ambayo haikusahaulika, akasema ni kosa la jinai sawa na kuwachukua wanaume 1,100 kila mwaka ukawapeleka uwanda wa Salisbury ukawapiga risasi. Sababu walizozitaja ni msongamano, maji taka, na zaidi ya yote hewa chafu. Wakati huo wengi waliamini ugonjwa wenyewe umo kwenye hewa mbaya iliyotulia, habari za vijidudu zilikuwa bado hazijakubalika. Nadharia ilikuwa na kasoro lakini ukifungua dirisha na kupunguza watu chumbani unapunguza kifua kikuu hata kama hujui kwa nini, kwa hiyo dawa ilifanya kazi.

Ikafuata tume ndogo ya kuboresha kambi na hospitali, ripoti yake kubwa ilitoka 1861, na watu wake wawili ukiwajua utaielewa nyumba yako vizuri. Mmoja daktari John Sutherland, mwingine Kapteni Douglas Galton wa wahandisi wa jeshi. Walizunguka kambi moja baada ya nyingine wakipima, na wakashikilia kiwango cha futi za ujazo 600 kwa kila askari, kama mita za ujazo 17, wakati mabweni mengi yalikuwa chini sana ya hapo. Na Galton akatengeneza meko yake maarufu, ambayo naomba ukaitafute kwako: hewa safi inaingia kutoka nje kupitia tundu la ukutani, inapita kwenye uwazi nyuma ya meko, inapashwa joto huko, halafu inaingia chumbani karibu na dari, huku moshi unapita bombani kwake peke yake. Yaani unapata hewa mpya bila kuganda na baridi, kwa nchi ile si jambo dogo. Pia waliweka matundu ya hewa juu ya kuta yenye kifuniko cha chuma cha kuinamisha, ili upepo uelekee dari usimpige mtu usoni.

Sasa turudi barazani. Jeshi lilipoanza kujenga kota za familia kwa wingi, miaka ya 1860, liliunganisha hayo mawazo mawili, la Roberts na la tume. Kila familia ipate chumba chake, na kila chumba kipate hewa kutoka nje pande mbili, mbele na nyuma, kisichangie hewa na jirani. Ukiweka korido ndani umeua upande mmoja wa dirisha na umetengeneza bomba la kupitishia harufu na magonjwa kutoka mlango hadi mlango. Ukiweka baraza la nje, chuma na mawe, ngazi ziko mwisho au katikati ya jengo nazo ziko wazi, upepo unapita. Pia ni rahisi kujenga, mafundi wanarudia chumba kile kile mara ishirini, na moto ukitokea watu wanatoka.

Na kuna sababu nyingine ambayo hutaikuta imeandikwa kwenye mchoro lakini mimi naiamini kabisa baada ya kuyatembelea majengo haya mengi. Baraza linaonekana. Kota zilikuwa zinakaguliwa, ofisa wa zamu anapita, vitu vya ndani ni vya jeshi na vikiharibika mume anakatwa, mke akionekana mlevi au mgomvi anaweza kufutwa daftarini na hapo chumba kimekwenda. Ukisimama uwanjani unaona nani kaingia kwa nani. Kwa hiyo lile baraza lilimpa mama hewa na faragha ya usiku, ila mchana lilimweka machoni pa watu.

Usije ukadhani ilikuwa ni fleti kama unavyoijua wewe. Kota za mwanzo zilikuwa chumba kimoja kwa familia nzima, wazazi na watoto wote, meko moja ya kupikia na kuota. Maji, vyoo, sehemu ya kufulia na kuanikia viko nje, vinatumika na wote, kawaida kwenye kijengo cha peke yake upande wa pili wa uwanja. Ndo maana unaona alama za vyumba kuunganishwa. Hicho unachokiita chumba chako cha kulala inawezekana kabisa ilikuwa nyumba ya familia ya watu saba. Polepole wakaongeza jiko dogo la nyuma lenye sinki, halafu chumba cha pili, na sajenti anapata zaidi ya askari wa kawaida, na wale wa cheo kipya cha ofisa mteule kilichoanzishwa 1881 wakapata zaidi ya sajenti. Maofisa wakubwa wao kamanda alikuwa na nyumba yake, wengine waliooa mara nyingi walijipangia mjini kwa fedha zao.

Na masharti ya kuingia daftarini yalibaki magumu. Askari wa kawaida alitakiwa awe ametumikia miaka saba, awe na nishani ya tabia njema, awe na akiba ya pauni 5, na hata akiwa na vyote hivyo nafasi zenyewe ni asilimia chache tu ya wanaume, wakati masajenti zaidi ya nusu waliruhusiwa. Wengine walioa tu, ni binadamu. Wake zao walikaa kwenye vichochoro nje ya geti, wakigombania hizo kazi za kufua. Kule Curragh, kambi kubwa ya Ireland iliyoanza 1855, kulikuwa na wanawake waliokuwa wanaishi kwenye vichaka vya miiba porini karibu na kambi, wamechimba vijishimo na kuezeka matawi, majira yote, mvua na theluji. Na badala ya kuongeza ruhusa za ndoa, bunge likapitisha sheria za magonjwa ya zinaa za 1864, 1866 na 1869 zilizoruhusu polisi kuwakamata wanawake kwenye miji ya kambi kama Aldershot, Colchester na Woolwich na kuwapima kwa nguvu, mwanaume hapimwi. Zilifutwa 1886 baada ya kampeni ndefu. Nakutajia hili kwa sababu ukuta wa kota yako ulikuwa mpaka kati ya mke wa daftari na hawa wengine, na umbali wenyewe pengine ni hatua mia mbili.

Kuhusu jengo lako ni la miaka gani, hujanitajia mji lakini nakupa njia ya kukisia. Kulikuwa na mawimbi matatu ya ujenzi. La kwanza ni hilo la baada ya 1861. La pili lilikuja na sheria ya 1872, serikali ilipoamua kila kikosi kiwe na nyumbani kwake kwenye mkoa wake na bunge likatoa pauni milioni 3.5, na hapo zikajengwa kambi zenye lile jengo la ghala la silaha mfano wa ngome, kama la Dorchester, ofisi ya Meja Seddon wa wahandisi ndiyo ilichora, na ndani ya kambi hizo kulikuwa na safu za kota za familia kwa michoro inayofanana, ndo maana ukienda mji mwingine unaweza ukadhani umerudi nyumbani. La tatu ni sheria ya kambi ya 1890, pauni milioni 4.1, ambayo ndiyo iliyobadilisha Aldershot kutoka mabanda ya mbao ya mwaka 1855 kwenda majengo ya matofali. Kufikia hapo kota zilikuwa zimefika vyumba viwili au vitatu na jiko la nyuma, na Aldershot mwaka 1898 ikafungua hadi hospitali ya wake na watoto wa wanajeshi, iliyoitwa Louise Margaret.

Kwa pembeni kidogo, sisi wenyewe tumerithi maneno yao. Kota tunayosema, kota za polisi, kota za reli, ni hilo hilo neno lao, quarters. Na Wakenya wanaosema laini za polisi wanatumia neno lililotoka kwenye safu za mahema na mabanda, Aldershot mpaka majina ya sehemu za kambi yana hilo neno. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliishi kwenye hizo laini na wake zao, na Wanubi wa Kibra ni watoto na wajukuu wa askari waliopewa mahali pa kukaa na familia zao pale Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi fanya hivi ukipata muda. Hesabu meko, au mahali ambapo ukuta umevimba kwa sababu ya bomba la moshi, manake kila meko ya zamani ya upana wa kupikia ni dalili ya familia moja, usihesabu milango kwa sababu milango ilizibwa. Angalia ukuta wa nje usawa wa sakafu na karibu na dari, ukiona tofali lenye matundu au kipande cha chuma kilichopakwa rangi mara kumi, hapo kulikuwa na njia ya hewa, tafadhali usiizibe, kuta zile zilijengwa zikitegemea kupumua na ukiziba utapata ukungu. Angalia kama jiko la nyuma lina matofali ya rangi tofauti na msitari ulionyooka pale linapoungana na ukuta mkubwa, hapo utajua liliongezwa baadaye na kota yako ni ya zile za chumba kimoja. Halafu kama unapenda kuwajua waliokaa humo, sensa za Uingereza za 1861, 1871, 1881, 1891 na 1901 zimeorodhesha familia za kambini kwa majina, umri na mahali pa kuzaliwa, na hapo ndo mimi hukaa muda mrefu kuliko kwenye michoro, manake unakuta mtoto wa kwanza kazaliwa Malta, wa pili Bengal, wa tatu Ireland, wa nne kazaliwa hapo hapo kambini.

Nitumie jina la mji, vipimo vya chumba kimoja na picha ya meko, nitakuambia ni wimbi la ngapi.